Kengele ya Karasha: Historia Fupi ya Madraiva ya Mtandao, Kutoka Helsinki Hadi Bunda

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mnaokalia leo madawati tuliyoyakalia sisi,

Mhariri aliponitaka niandike juu ya kazi ninayoifanya, jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba haina hadithi. Mtu aliyefanya kazi mgodini ana hadithi. Mwalimu na mganga pia wanazo. Lakini mtu anayeshinda mbele ya kompyuta akitafuta kwa nini kadi ya mtandao haipokei pakiti, huyo atawaeleza nini wenzake siku ya kukutana? Nilipofikiri zaidi nikaona kwamba hadithi ipo, tena inatuhusu sisi watu wa Kalangalala na Kanda ya Ziwa kuliko nilivyodhani. Ni hadithi ya nani anaruhusiwa kufungua mashine na kuona ndani.

Hapana budi nianze na nchi yetu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ililetwa mwaka 1965, ikawekwa katika Wizara ya Fedha. Jaribio la kuziweka hesabu za Serikali katika mashine hizo halikufanikiwa. Fedha nyingi zilipotea na hesabu zikavurugika. Basi mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wale wa umri wangu watakumbuka kwamba mashine yenyewe tuliisoma kwa jina la ngamizi, na tuliijua kama tulivyomjua nyangumi, yaani kwa picha. Marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo, ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Wako wanaoicheka marufuku ile. Mimi siicheki. Waliopiga marufuku waliona jambo moja la kweli: mashine iliyoletwa na watu wengine, ikiendeshwa na watu wengine, na ikiharibika isijulikane imeharibika wapi, si chombo cha kujitegemea. Walichokosea ni dawa. Walifunga mlango wa nyumba, na ugonjwa wenyewe ulikuwa kwamba hakuna mwenyeji aliyekuwa na ufunguo wa kabati.

Sasa, wakati sisi tulikuwa bado tumefungiwa, huko Finland kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alitangaza tarehe 25 Agosti 1991 kwamba anaandika mfumo wa uendeshaji wa kompyuta kwa kujifurahisha. Mfumo huo ndio Linux. Kiini chake huitwa kerneli. Ndicho kinachogawa kumbukumbu, kupanga zamu za programu na kusema na vyombo. Mwaka 1992 aliuweka chini ya leseni inayompa kila mtu haki ya kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuugawa, kwa sharti kwamba naye anayeugawa asiufiche. Toleo la 1.0 lilitoka mwezi Machi 1994.

Lakini kerneli peke yake haijui kusema na kadi ya mtandao. Kila kadi ina lugha yake. Moja inataka iambiwe hivi ili ianze kusikiliza waya, nyingine vile. Ile sehemu ya msimbo inayoijua lugha ya kadi fulani ndiyo iitwayo draiva. Bila draiva, kadi ya bei kubwa ni kipande cha bati tu. Na katika miaka ile viwanda vingi havikutaka kueleza lugha za kadi zao, au vilieleza kwa wale tu waliotia sahihi ya kutunza siri.

Hapo ndipo anapoingia Donald Becker wa Marekani. Alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha shirika la anga za juu, NASA, huko Maryland. Mwaka 1994 yeye na Thomas Sterling waliunganisha kompyuta 16 za kawaida, za namna inayouzwa dukani, wakazifanya zifanye hesabu kubwa kama mashine moja. Mashine hiyo waliiita Beowulf. Ili zisemezane upesi walihitaji madraiva mazuri ya kadi za rahisi, naye Becker akayaandika: moja, jingine, hata yakawa mengi. Kwa miaka mingi mtu aliyewasha Linux popote duniani na kuona mtandao unafanya kazi, mara nyingi alikuwa anatumia mikono ya Becker bila kujua.

Nitatoa mfano nilioushuhudia mwenyewe. Mwaka 2008 niliitwa katika shule moja ya Kanda ya Ziwa, sitaitaja jina, iliyopewa kompyuta kuukuu za msaada. Kompyuta zilikuwa na kadi za Realtek zinazoitwa 8139, kadi za bei ndogo kabisa ambazo ulimwengu mzima ulizijua. Kompyuta zote ziliwaka, lakini hakuna iliyouona mtandao. Fundi aliyetangulia alikwisha kusema kwamba kadi zote zimekufa, na mkuu wa shule alikuwa tayari kutafuta fedha za kununua nyingine. Fedha hizo zingetoka katika akiba ya chakula cha wanafunzi wa bweni.

Nilichofanya ni kitu kidogo sana. Nilifungua daftari la kerneli, mahali ambapo kerneli huandika kila inachokutana nacho tangu inapoamka. Humo nikakuta mstari mmoja ambao sitausahau. Kerneli ya Linux ina madraiva mawili kwa jamii ile ya kadi: 8139cp kwa toleo jipya, na 8139too kwa toleo la zamani, hili la pili likitokana na kazi ya awali ya Becker. Draiva ya 8139cp ilikuwa imeandika, kwa maneno ya wazi, kwamba kadi hii si ya toleo langu, jaribu 8139too. Fundi aliyetangulia alikuwa ameiagiza ya kwanza na kuizuia ya pili. Nikafuta mstari mmoja katika faili, nikawasha upya, na kompyuta zikauona mtandao. Kazi hiyo haikuchukua hata saa moja.

Nawaomba vijana mlifikirie jambo hilo. Mtu fulani, mbali sana, alikaa akafikiri: iko siku mtu nisiyemjua atakosea hapa, nimwachie neno la kumwongoza. Wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Draiva iliyoandikwa vema haifichi maradhi. Husema nimeshindwa, nimeshindwa mahali hapa, na jambo la kujaribu ni hili. Nami niliweza kulisoma neno hilo na kuufuata msimbo wake hadi ndani kwa sababu haukuwa umefungwa.

Turudi katika historia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kadi zilianza kuwa za kasi mno kuliko kompyuta zenyewe. Ili kueleza tatizo lililotokea, naomba twende pamoja mpaka kwenye machimbo, Rwamagasa au Nyarugusu, ambako kila msomaji wa gazeti hili amewahi kufika au ana ndugu aliyefika.

Chukueni karasha moja na mwendeshaji wake mmoja. Wabebaji wanaleta viroba vya mawe kutoka kwenye maduara, na kila anayefika hupiga kengele. Mwendeshaji akisikia kengele huacha kusaga, huenda kupokea kiroba, hukiandika, kisha hurudi kwenye karasha. Viroba vikija kimoja baada ya muda mrefu, utaratibu huu ni mzuri, maana hakuna kiroba kinachongoja. Lakini siku mawe yanapotoka kwa wingi, kengele inalia bila kukoma. Mwendeshaji anakwenda na kurudi, anaandika na kuandika, na hapati hata nafasi ya kusaga kiroba kimoja. Jioni amechoka hoi, uwanja umejaa, viroba vinatupwa nje, na unga wa dhahabu haupo. Alikuwa na shughuli siku nzima, na hakufanya kazi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kompyuta. Kadi ilipopokea pakiti ilipiga kengele, na kichakato kikaacha kila kitu kwenda kuipokea. Katika waya wa megabiti 100 kwa sekunde, pakiti ndogo kabisa zinaweza kufika karibu 148,800 kwa sekunde moja. Katika waya wa gigabiti moja zinafika zaidi ya 1,488,000. Kengele ya namna hiyo inaiua kompyuta ikiwa hai. Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walikwisha kulieleza tatizo hili katika maandishi yao ya kitaalamu mwaka 1996.

Kwa Linux, dawa ilitengenezwa na watu watatu: Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov. Waliieleza mwaka 2001, nayo ikaingia katika toleo la 2.4.20 mwaka 2002. Inaitwa NAPI. Ukiirudisha kwenye karasha ni hivi. Kengele ya kwanza ikilia, mwendeshaji anaifunga kengele. Anakwenda mwenyewe uwanjani na kuchukua viroba visivyozidi idadi iliyowekwa. Kwa kawaida idadi hiyo ni 64. Akimaliza hao, anawapa wengine zamu, kisha anarudi kuangalia. Akikuta uwanja mtupu, ndipo anaifungua kengele tena na kukaa akisubiri. Mawe yakizidi uwezo wa karasha, yanayozidi yanaanguka huko huko nje bila kumpotezea mwendeshaji nguvu, na karasha inaendelea kusaga.

Ni jambo la akili ya kawaida, lakini halikupatikana kwa kukaa na kuwaza. Lilipatikana kwa kupima. Olsson alikuwa akifanya kazi katika mji wa Uppsala nchini Sweden, katika Chuo Kikuu cha mji ule na katika Chuo Kikuu cha Kilimo. Yeye ndiye pia aliyeandika chombo kiitwacho pktgen, kinachofyatua pakiti kwa kasi kubwa kutoka ndani ya kerneli yenyewe, ili draiva ibanwe mpaka ionyeshe udhaifu wake. Kadhalika yeye na wenzake walitengeneza Bifrost, Linux ndogo inayokaa katika kijiti cha kumbukumbu, kwa ajili ya kuigeuza kompyuta ya kawaida iwe ruta, yaani mashine ya kuongoza pakiti njiani.

Na hapa ndipo hadithi inapovuka maji na kuja kwetu.

Katikati ya miaka ya 2000 Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Stockholm walianza mradi wa kupeleka mtandao vijijini. Moja ya sehemu za majaribio ilikuwa Bunda na Serengeti, mkoani Mara, upande wa pili wa ziwa letu. Wakati huo waya mkubwa wa baharini ulikuwa haujafika katika pwani yetu. Wa kwanza, SEACOM, ulianza kazi mwezi Julai mwaka 2009. Kabla ya hapo aliyetaka intaneti bara alilipia setelaiti, na malipo yake yalikuwa ya kuumiza. Lakini katika njia kuu za umeme za TANESCO zilikuwamo tayari nyuzi za kioo za mawasiliano. Basi wale wahandisi waliona kwamba nyuzi zinazopita juu ya vichwa vya watu zinaweza kuwahudumia watu hao pia, katika shule, hospitali na ofisi za wilaya.

Ruta za viwanda vikubwa zilikuwa ghali na zilikula umeme mwingi, na umeme wa kwetu mnaujua. Kwa hiyo walitumia mashine ndogo zinazokula umeme kidogo, zinazoweza kushikiliwa na betri na jua, na ndani yake wakaweka programu huria. Robert Olsson, yule yule wa NAPI, alikuwa miongoni mwa walioshirikiana na wahandisi wa Tanzania katika kazi hiyo, na maandishi ya kitaalamu waliyoyatoa yana majina yao pamoja. Mmoja wao alikuwa Amos Nungu, aliyeandika utafiti wake wa KTH mwaka 2011 juu ya mtandao huo na namna ya kuufanya udumu. Baadaye alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH.

Sisemi kwamba Bunda kulikuwa peponi. Utafiti huo wenyewe umejaa matatizo: umeme, fedha za kuendeshea, na watu wa kuutunza mtandao pale wafadhili wanapoondoka. Fundi mmoja akifundishwa vizuri, Dar es Salaam inamwita, na anayebaki hajui faili iko wapi. Tatizo hili ni kubwa kuliko la draiva yoyote, na halitatuliwi na kijiti cha kumbukumbu. Hata hivyo tazameni tofauti na mwaka 1965. Safari hii mashine ilipokataa, Mtanzania aliweza kuifungua, kuusoma msimbo, na kumwuliza aliyeuandika kama mwenzake wa kazi.

Kabla sijafunga, nina kisa kimoja zaidi ambacho nawapa kila mara vijana wanaojifunza kutafuta hitilafu. Mwezi Septemba 2008, wakati toleo la 2.6.27 la kerneli likiwa bado katika majaribio, watu walianza kulalamika kwamba kadi zao za Intel zinazotumia draiva ya e1000e zinakufa. Hazikuwa zimekwama, zilikuwa zimekufa, kwa kuwa kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya kadi, inayotunza anwani yake na tabia zake, ilikuwa imechafuliwa. Kila mtu aliishutumu draiva. Ni nani mwingine angeweza kuiharibu kadi, kama si yule anayeishika kila siku?

Walioitunza draiva hawakukaa kugombana. Kwanza walifunga mlango: waliifanya draiva izuie kabisa maandishi katika kumbukumbu ile, ili watu wasiendelee kuumia. Toleo likatoka tarehe 9 Oktoba. Huku nyuma msako uliendelea, na mwisho ikaonekana kwamba draiva haikuwa na hatia. Mkosaji alikuwa ftrace, chombo kipya cha kufuatilia mwenendo wa kerneli, yaani chombo cha kutafutia makosa! Chombo hicho kilikuwa kimeandika orodha ya mahali pa kubadilisha katika kumbukumbu. Baadhi ya mahali hapo paliachwa huru baada ya kompyuta kuamka, wakapewa wapangaji wengine, na mmoja wa wapangaji hao alikuwa kadi ya Intel. Chombo, kikiwa na orodha ya zamani, kilikuja kuandika katika nyumba ambayo sasa ilikuwa ya mtu mwingine. Steven Rostedt, aliyekuwa mtunzi wa chombo hicho, alikuwa miongoni mwa waliokifikia chanzo na kukirekebisha, na sehemu ile ya chombo ikazimwa katika 2.6.27.1 siku chache baadaye.

Nakipenda kisa hiki kwa mambo mawili. La kwanza, aliyekutwa karibu na maiti si lazima awe ndiye aliyeua. La pili, kosa lilikuwa la watu wenye akili nyingi, tena lilitokea hadharani, na hakuna aliyelificha. Kama msimbo ungekuwa umefungwa, wenye kadi wangeambiwa wanunue nyingine, kama mkuu wa shule yangu ile alivyoambiwa.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa Geita. Mgodi wa zamani wa hapa ulifungwa mwaka 1966, huu mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000, na mwaka 2012 tukawa mkoa. Katika miaka yote hiyo tumeyaona mawe yakitoka na mashine zikiingia, na mara nyingi mashine hizo zilikuja zimefungwa, na fundi wake alikuja kwa ndege. Dhahabu ikiisha itakuwa imeisha. Lakini ujuzi wa kufungua mashine na kuitafutia ugonjwa wake hauchimbwi ukaisha.

Kwenu vijana, msimbo wa kerneli hauna geti wala mlinzi. Kompyuta kuukuu ya shule inatosha kuanzia. Wekeni Linux, someni daftari la kerneli hata siku ambayo hakuna kilichoharibika, tafuteni draiva ya kadi yenu na muisome polepole, kama mtu anayesoma barua ya mgeni. Msiyoyaelewa leo mtayaelewa mwakani. Mkipata kosa, liandikeni kwa ukweli: mashine gani, toleo gani, mlifanya nini, mkaona nini. Wanaotunza msimbo hawataulizia kwenu ni wapi, bali kama mlilolisema ni kweli.

Nasi wazee, tunapokuja kwenye mkutano na michango yetu, tusilete kompyuta tu na kupiga picha nazo. Tukae nao Jumamosi mbili tatu, tuifungue moja mbele yao, tukosee, na waone tunavyolitafuta kosa. Mwendeshaji wa karasha hakufundishwa kwa kuoneshwa unga wa dhahabu.